Stata imeingia boliti zote mbili lakini haishiki, Hilux ya 3L, naombeni msaada

Dereva wa Isyonje (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, naomba mwenye uzoefu na stata za Hilux za zamani anisaidie maana hapa nilipo nimeishiwa mbinu na hela pia imeishia hukohuko. Gari ni Hilux LN106 ya mwaka 1994, injini 3L ya dizeli, ninayo tangu 2016 na kazi yake ni viazi tu, napakia mashambani huku Isyonje na Kikondo nashusha Uyole, mzigo ukiwa na mteja wake naenda mpaka Mwanjelwa.

Mwezi wa nne stata ya mwanzo ilianza kusumbua, unawasha inagonga ta! mara moja halafu kimya, unarudia mara tano sita ndo inazunguka, ikazunguka vizuri kabisa hata huwezi kuamini ni hiyohiyo. Fundi akasema stata imekufa tafuta nyingine. Nikaenda duka la spea yuzdi nikaambiwa hii ni ya Hilux, nikalipa laki na themanini, tukaifunga, matundu mawili ya boliti yakaenda sawasawa, waya ukafika, ikawaka. Nikashukuru Mungu.

Wiki haijaisha ikaanza mambo. Ukiwasha mara nyingine inashika vizuri, mara nyingine inazunguka yenyewe nziiiii bila kugeuza injini, na mara nyingine inapiga krrrrrr mpaka watu waliokaa kwenye magunia wanaruka chini. Fundi wa kwanza akasema betri, nikanunua N70 mpya. Wa pili akasema bendiksi, yani kile kigia cha mbele cha stata na klachi yake, nikabadilisha bendiksi, siku mbili nzuri halafu palepale. Wa tatu anasema tushushe gia boksi tubadilishe flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo stata inaligeuza, hapo ndo nikasema ngoja kwanza niulize watu.

Sasaivi ni mwezi wa sita mnajua baridi ya huku, saa kumi na moja asubuhi umande umeganda kwenye majani ya viazi, gari naliegesha kwenye mteremko kila siku ili nishtue kwa kuliachia literemke. Nimechoka jamani, mzigo unachelewa wateja wanaanza kunihama.

Kijana wa Soweto

Pole sana mkuu. Hiyo bendiksi nyingine feki tu, siku hizi kopi zimejaa, tafuta orijino. Au weka washa mbili kwenye boliti za stata ili isogee ikae karibu na flaiwili, mimi niliwahi kuona fundi anafanya hivyo kwenye gari ya Kimarekani ikapona kabisa.

Mkulima Matamba

Mi nilikuwa na tatizo kama hilo ilikuwa ni athi. Waya wa nege kutoka kwenye betri kwenda kwenye injini umeoza ndani kwa ndani nje unaonekana mzima. Usinunue kitu kingine chochote kabla hujapima.

Fundi umeme Mafinga

Mleta mada pole, na naomba usishushe gia boksi kwanza. Mimi hizi stata nazifungua kila siku ya Mungu, twende polepole.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi maana bila hapo tutabahatisha. Ukigeuza swichi, umeme mdogo unaenda kwenye solenoidi, solenoidi inafanya kazi mbili kwa mpigo, inasukuma kigia kitoke mbele kikashike meno ya ringi, ile pete yenye meno iliyozunguka flaiwili, na mwisho wa safari yake inakutanisha kopa mbili nene, yani vipande vya shaba, ndani ndo umeme mkubwa unapita kwenda kwenye mota. Kigia kile kina klachi ya upande mmoja, kinageuza injini lakini injini ikishawaka kigia kinazunguka bure tu, hakiivuti mota ikaungua.

Sasa sikiliza dalili zako. Ile ya mwezi wa nne, ta! halafu kimya, halafu ukirudia inazunguka kwa nguvu zote, hiyo kwa stata hizi za Denso zenye gia ya kupunguza mwendo mara nyingi sana ni zile kopa zimelika upande mmoja. Solenoidi inasukuma, ndo mlio unaousikia, lakini mwisho wa safari shaba haikutani vizuri. Sio stata kufa kaka. Ile stata ya zamani uliipeleka wapi? Kama uliitupa sema, kama ipo usimpe mtu.

Dalili za pili, nziiii na krrrr, hizo ni za meno, kigia na ringi havielewani. Hapo sababu ni chache. Klachi ya bendiksi inateleza, lakini umebadilisha na siku mbili tatu ikarudi. Ringi imelika. Au kigia chenyewe sio cha gari hiyo. Na kwa mpangilio wa hadithi yako mimi nina wasiwasi na hii ya mwisho, na ringi itakuwa imeumia BAADA ya kufunga stata hiyo, sio kabla.

Kijana wa Soweto, ushauri wa washa nauheshimu lakini hapa haufanyi kazi, naomba mleta mada usiujaribu. Zipo gari ambazo boliti za stata zinapanda kutoka chini kwenda juu kwenye bloku, kule ukiweka kipande cha bati unasogeza stata mbali na ringi au karibu. Hilux hii boliti zinaingia kwa kulala, zinabana uso wa stata kwenye hauzingi ya klachi. Ukiweka washa unairudisha stata nyuma tu, kigia kinashika ringi nusu ya upana, umbali wa kati kwa kati unabaki uleule. Kinachoiweka stata katikati ni pua yake ya mviringo inayoingia kwenye tundu la hauzingi, boliti kazi yake ni kubana tu.

Mkulima Matamba yuko sahihi, pima kwanza. Una mita?

Dereva wa Isyonje

Asante sana fundi, nimesoma mara mbili. Stata ya zamani IPO, iko stoo kwenye gunia pamoja na vyuma chakavu, nilitaka kumuuzia mtu wa skrepa mwezi uliopita akasema bei ndogo nikaiacha. Mita nitaazima kwa jirani anayefunga sola.

Mama Parachichi, Njombe

Kamwene wote. Mimi sio fundi ila nina Hilux kama hiyo ya kubebea parachichi na nilishawahi kuipush mteremko na mzigo, naomba nikuombe kaka yangu uache mara moja. Injini ikiwa imezimwa ile pampu ya hewa ya breki haifanyi kazi, kwenye hizi injini imefungwa nyuma ya altaneta kabisa, ukikanyaga breki mara mbili tatu akiba inaisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Na usukani unakuwa mzito. Mimi niliokolewa na tuta la shamba la mtu. Kushuka kutoka Isyonje na tani ya viazi halafu injini isishike, hapana. Kama ni lazima kushtua basi bila mzigo na sehemu inayoishia tambarare.

Dereva wa Isyonje

Mama nimekusikia, kuanzia kesho napaki tambarare nawaita vijana wasukume kabla ya kupakia. Asante kwa kunijali.

Majibu ya vipimo haya hapa, jirani alinishikia mita mimi nikiwasha:

Betri gari imezimwa 12.6.
Wakati stata inazunguka, palepale kwenye vichwa vya betri, 10.4.
Kutoka chanya ya betri mpaka kwenye boliti kubwa ya stata, wakati inazunguka, 0.3.
Kutoka nege ya betri mpaka kwenye bodi ya stata yenyewe, wakati inazunguka, 1.1.

Sijui kusoma maana yake mniambie.

Fundi umeme Mafinga

Vizuri sana, hivi ndo vipimo. Betri yako nzima, ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuzungusha ndo tungeanza kuitilia shaka na hiyo ni kwa joto la kawaida, kwenye baridi yenu inaruhusiwa kushuka zaidi kidogo. Kwaiyo aliyekuuzia betri hakukuonea ila hukuhitaji. Waya wa chanya mzuri, 0.3 ni sawa. Lakini nege 1.1 ni nyingi mno, tunataka isizidi 0.3 hivi, nusu volti ikizidi sana. Stata ya namna hii inavuta ampea mia mbili na zaidi, kwaiyo kakutu kadogo tu kwenye boliti ya athi kanakula volti nzima, na hiyo volti ingeenda kuzungusha injini. Mkulima Matamba ameona mbali.

Fungua athi ya injini na ya bodi, piga msasa mpaka uone chuma cheupe, funga upya. Ukiwa unagusa waya wowote wa stata anza kutoa nege ya betri, ile spana ikigusa bodi na chanya kwa pamoja inayeyuka mkononi.

Lakini nakwambia mapema, athi itaongeza mwendo, haitaondoa krrrr.

Dereva wa Isyonje

Nimefanya. Waya wa athi ulikuwa umebaki nyuzi kama nane hivi ndani ya ganda, zingine zote zimekuwa unga wa kijani. Nimeweka waya mpya mnene, sasa nege inasoma 0.2. Stata inazunguka kwa kasi hata sauti imebadilika.

Na krrrr ipo palepale, tena sasa kali zaidi kwa sababu inazunguka kwa nguvu. Asubuhi ya leo imeshika mara ya nne. Fundi ulisema.

Kijana wa Soweto

Mimi bado nasema flaiwili hiyo mkuu. Meno yameisha.

Fundi umeme Mafinga

Inawezekana yameumia na nitakwambia hata wapi bila kuiona. Injini ya silinda nne ikizimwa haisimami popote tu, inasimama pale mgandamizo unapoikataa, na kwenye silinda nne hiyo inatokea sehemu mbili za mzunguko zinazotazamana. Kwaiyo kigia kinaanza kuuma sehemu zilezile mbili miaka yote. Ukitoa stata ukachungulia kwenye tundu huku mwenzio anageuza injini kwa spana kwenye pulii ya krenki, utaona meno mazima mazima mazima, halafu kipande kimeliwa, halafu mazima tena, halafu kipande kingine upande wa pili. Ndo maana siku nyingine inashika siku nyingine haishiki, inategemea imelala wapi. Ikikwama na krrrr, geuza krenki kidogo kwa spana halafu washa, ikishika basi ujue.

Ila swali langu ni kwanini yameliwa ndani ya miezi miwili wakati miaka ishirini na ushee hayakuliwa. Toa stata hiyo, weka mezani pembeni ya ile ya kwenye gunia. Nataka mambo manne. Hesabu meno ya kila kigia. Pima upana wa kigia kutoka ncha ya jino mpaka ncha ya jino la upande wa pili, kama una vernia. Soma sahani ya kila moja, volti ngapi na kilowati ngapi. Na ingiza pua ya kila moja kwenye tundu la hauzingi bila boliti, uniambie inabana au inacheza.

Msafirishaji Tunduma

Hapo kwenye kusoma sahani naomba nikazie maana mimi yalinikuta. Nilikuwa na Land Cruiser ya dizeli ya kutumika kwenye mchanga huku Momba, stata ikafa, nikapata yuzdi safi kabisa inang'aa, tukafunga. Ikawa inazunguka kama mgonjwa, uuuu...uuuu...uuuu. Nikabadilisha betri, nikabadilisha waya, nikasafisha athi, wapi. Kumbe sahani imeandikwa 24V. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizouzwa Japani kwenyewe zinawashwa kwa volti 24, betri mbili, stata kwa nje inafanana na ya volti 12 kama mapacha. Ukiipa 12 inazunguka lakini haina nguvu, na dizeli bila mwendo haiwaki, mgandamizo hautoi joto la kutosha. Nilipoteza wiki tatu kwa kutosoma kibati cha ukubwa wa kidole. Na kinyume chake ni hatari zaidi, stata ya 12 ukiifunga kwenye Canter ya 24 itazunguka kama kichaa halafu iungue.

Dereva wa Isyonje

Wakuu. Nimekaa na hizi stata mbili mbele yangu toka saa nane mchana na nina uchungu sana.

Ya zamani meno 11. Hii niliyonunua meno 9. Nimehesabu mara tatu nikamwita na mwanangu wa darasa la sita naye akahesabu, 11 na 9.

Upana wa kigia cha zamani ni milimita 33 na kidogo, hiki ni 29.

Sahani ya zamani imefifia lakini baada ya kuifuta na dizeli inasomeka 12V 2.0kW. Hii mpya 12V 1.4kW.

Pua ya ile ya zamani inaingia kwenye hauzingi kwa kubana, unaisukuma na kiganja inakaa hata bila boliti. Hii inaingia yenyewe inachezacheza, ukiishika unaweza kuipeleka juu na chini.

Matundu ya boliti yote mawili umbali uleule. Ndo tulichoangalia siku ile dukani, tuliziweka mgongo kwa mgongo, matundu yakalingana tukasema ndo yenyewe. Na yule fundi wa bendiksi alichukua bendiksi ya kufanana na aliyoitoa, kwaiyo alirudisha kosa lilelile jipya.

Fundi umeme Mafinga

Basi tumefika. Pole kaka, na usijilaumu, wengi sana wanapima matundu tu, hata mafundi.

Fanya hesabu na mimi. Kigia chako kipya ni chembamba kwa milimita 4, maana yake kila upande 2. Stata imekaa palepale, kwaiyo ncha za meno ziko milimita 2 mbali zaidi na ringi kuliko zinavyotakiwa. Jino zima la ringi kina chake hakifiki hata milimita 6. Umepoteza theluthi ya mshiko. Halafu ongeza na pua inayocheza kwenye tundu, kila ikipigwa mzigo stata inajisukuma inakimbia ringi, unapoteza tena. Kinachobaki ni ncha kwa ncha, na ncha ndo sehemu nyembamba ya jino. Siku injini ikiwa laini, joto la mchana, inageuka. Asubuhi ya baridi oili nzito kama asali, na 3L ina mgandamizo wa 22 kwa 1 hivi, ncha zinaruka, krrrr, kila krrrr ni unga wa chuma unabaki ndani ya hauzingi ya klachi.

Na hiyo 1.4 badala ya 2.0 ni ushahidi mwingine. Hiyo stata inaelekea imetoka kwenye injini ya petroli. Petroli za Hilux za enzi hizo mgandamizo wake haufiki nusu ya huo, haihitaji mota kubwa. Aliyekuuzia akisema ya Hilux pengine hakudanganya, ni ya Hilux kweli, ila sio ya dizeli. Hilux ni jina la bodi kaka, stata ni mali ya injini. Ukienda dukani usiseme nataka stata ya Hilux, sema nataka ya 3L, na beba ya zamani mkononi.

Mama Parachichi, Njombe

Hapo nimejifunza. Sisi dukani tunataja gari tu, ya Hilux, ya Noah, basi.

Mkulima Matamba

Sasa fundi afanye nini na ile ya zamani? Maana kama tatizo ni zile kopa tu si anaweza kuirudisha?

Fundi umeme Mafinga

Ndo nilikuwa naelekea huko. Fungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi, kina skrubu tatu ndogo, ndani utakuta plunja yenye sahani ya shaba ya mviringo na kopa mbili pembeni. Moja, ile inayotoka betri, mara nyingi inakuwa imeliwa kama mwezi mchanga. Zinauzwa pea, bei ndogo sana ukilinganisha na ulichotumia. Badilisha zote mbili kwa pamoja, na angalia sahani ya plunja, kama ina shimo igeuze au ibadilishe, ukiweka kopa mpya moja na kuacha ya zamani hazitagusana kwa pamoja utarudi kwenye ta! ta! Ukiwa humohumo angalia kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota zimebaki urefu gani, na zungusha bering zote kwa kidole, ikikwaruza badilisha. Grisi kidogo tu kwenye gia, usiijaze, ikifika kwenye amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, inashika unga wa kaboni.

Kabla ya kuifunga kwenye gari ijaribu chini. Ikanyage kwa mguu au ibane kwenye vaisi, maana inaruka. Waya wa jampa nege kwenye bodi yake, chanya kwenye boliti kubwa, halafu gusisha chanya na kile kipini kidogo. Kigia kitoke chote kwa nguvu na kizunguke papohapo.

Dereva wa Isyonje

Nimeifungua leo. Kopa moja imebaki nyembamba kama shilingi, nyingine nzima. Kaboni bado ndefu. Bering zote laini. Yani hii stata haikuwa imekufa kabisa, ilikuwa inaumwa kidonda kimoja cha elfu ishirini na tano, ndo nilizolipa kwa kopa mbili na plunja. Nimejumlisha nilichotumia toka mwezi wa nne, stata laki na themanini, betri mpya, bendiksi, ufundi mara tatu, na siku ambazo sikupakia. Sitaki hata kuandika jumla yake hapa.

Nimeijaribu chini, imeruka kweli kama ulivyosema, mwanangu alikimbia.

Sasa nimechungulia ringi kwa tochi huku mwanangu anageuza pulii. Fundi, sehemu mbili. Zinatazamana. Kila moja meno kama sita yamelika ncha upande wa stata, yamekuwa kama meno ya mzee. Mengine yote makali. Nifunge stata ya zamani hivihivi au?

Kijana wa Soweto

Hapo nakubali nilikosea kuhusu washa, na flaiwili nilipatia nusu tu. Mkuu kuna flaiwili yuzdi za 3L huku mjini zinapatikana, badilisha nzima uondoe wasiwasi.

Fundi umeme Mafinga

Umepatia kuona ringi imeumia, tofauti ni chanzo, na angebadilisha flaiwili akaacha stata ileile angekula na hiyo mpya.

Mleta mada, funga ya zamani kwanza uone. Kigia cha meno 11 kinashika chini kwenye shina la jino, na shina lako bado zima, kinaweza kufanya kazi miezi mingi. Lakini kwa kuwa unapaki kwenye baridi na riziki iko hapo, ukipata nafasi ya kushusha gia boksi, labda siku ya kubadilisha klachi, ringi hiyo sio ya kutupa. Ringi haijachomelewa, imebana kwa joto. Inapashwa moto taratibu kuzunguka pande zote inatanuka inatoka, halafu unairudisha ukiwa umeizungusha robo mzunguko. Yale meno mabovu yanahama kutoka pale injini inaposimama yanakwenda mahali ambapo stata haianzii kamwe. Wengine wanaigeuza juu chini kabisa, nayo ni njia, ila upande wa pili meno hayajachongwa mdomo wa kuingilia kwaiyo lazima upige faili jino moja moja. Mimi napenda robo.

Sharti moja, fundi wa kupasha asiichome mpaka ibadilike rangi ikawa ya bluu. Ikifika hapo chuma kimepoteza ugumu wake, meno yatakuwa laini kama risasi. Joto la nyuzi 200 hivi linatosha. Na ihakikishwe imekaa chini kabisa kwenye bega la flaiwili kabla haijapoa.

Msafirishaji Tunduma

Na ukiwa umeshusha gia boksi angalia sili ya nyuma ya krenki kama inavuja, usije ukashusha tena baada ya mwezi.

Dereva wa Isyonje

Wakuu narudi baada ya wiki mbili na nusu.

Nilifunga stata ya zamani jioni, nikaacha gari nje makusudi kwenye baridi, tambarare, sikuweka hata jiwe la kushtulia. Saa kumi na moja asubuhi nikawasha swichi nikasubiri taa ya hita izime, nikageuza. Ikashika. Mara moja. Nilizima nikawasha tena kuhakikisha, nikazima nikawasha tena, mke wangu akatoka na khanga kuuliza kuna nini nikamwambia sikiliza, sikiliza hiyo sauti.

Siku nne zote nzuri, siku ya tano ikapiga krrr fupi moja halafu ikashika. Ndo nikaamua nisisubiri, Jumapili hakuna soko kubwa tukashusha gia boksi, nikamwonyesha fundi maneno ya hapa kuhusu robo mzunguko na rangi ya bluu, akasoma akasema huyu mtu anajua. Tuliweka alama ya chokaa kabla ya kuitoa ili tusikosee. Ndani ya hauzingi tulikuta unga wa chuma unaoweza kujaza kifuniko cha soda. Sili ilikuwa kavu, klachi imebaki nusu tukairudisha hiyohiyo.

Leo siku ya tisa tangu turudishe, asubuhi zote tisa imeshika mara ya kwanza, ikiwemo juzi ambapo kulikuwa na barafu kwenye kioo. Wateja wawili wamerudi. Fundi wa Mafinga sijui nikushukuruje, ukipita njia ya Tukuyu simama Isyonje gunia lako la viazi lipo. Mkulima Matamba na wewe, athi ile peke yake ingeniua. Mama Parachichi toka siku ile sijashtua na mzigo.

Fundi umeme Mafinga

Nimefurahi mno kaka. Viazi nakuja kuvifuata.

Dereva mgeni, Chimala

Habari za humu, nimesoma uzi wote toka juu. Mimi nina Hilux ya petroli, injini 22R, stata yangu imekufa kweli, amecha imeungua inanuka, sio kopa. Nimeitoa nimehesabu meno yake ni 9 na sahani inasoma 12V 1.4kW. Mleta mada ile uliyonunua bado unayo?

Dereva wa Isyonje

Ipo mkuu, kwenye gunia lilelile la skrepa. Sikuuzii kwa maneno, njoo na ya kwako mkononi na vernia kama unayo, tupime vigia na pua zote mbili mezani, tuingize na kwenye hauzingi yako ione kama inabana. Bendiksi yake ilianza kazi mwezi wa tano lakini meno yake nayo yameguswa ncha, kwaiyo hiyo utabadilisha na bei tutaipunguza kwa hilo. Alhamisi nitakuwa Uyole nashusha mzigo kuanzia saa mbili asubuhi.